Uwakili wa Ardhi Hauishii Kwenye Ukoka wa Uani

Ukifungua kamusi ya Kiswahili utakuta maneno mawili ambayo hutofautiana kwa kiambishi na irabu ya mwisho tu: ukoka na mkoko. Sidai kwamba maneno haya yana asili moja. Mwanafunzi yeyote wa isimu angenikosoa, na angekuwa na haki, lau ningejenga nasaba ya maneno kwa kusikiliza mlio peke yake. Hata hivyo, kuna mahali katika Mombasa ambapo vitu hivi viwili vinaonekana kwa mtazamo mmoja, na kwa jinsi tunavyovitendea twaweza kupima kama tunaelewa maana ya kukabidhiwa ardhi. Mahali hapo ni Jomvu Kuu.

Ukoka ni nyasi fupi itambaayo, ishikayo udongo kwa vifundo vyake na kupendwa na mbuzi. Mkoko ni mti uotao penye maji ya chumvi, mizizi yake ikiwa nje kama miguu ya mtu anayevuka tope. Huu ukoka leo umepanda cheo. Umeingia katika nyua za makanisa, za shule, za ofisi na za majumba ya wenye nafasi, ukapewa mtumishi wake, mpira wake wa maji na mashine yake ya kunyolea. Mkoko nao umeshuka cheo. Wengi wetu twauona kama kichaka cha matope kinachonuka, kifaacho kwa kuni, makaa na kutupia taka. Ninalotaka kulisema katika makala haya ni hili: Mkristo anayedhani kwamba ametimiza wajibu wake kwa uumbaji wa Mungu kwa kuwa nyasi za kanisa lake ni za kijani na zimekatwa sawasawa, amechanganya unadhifu na uwakili. Hayo ni mambo mawili mbalimbali, na wakati mwingine moja hulila jingine.

Tuanze na huo ukoka wenyewe. Kiswahili kina maneno mengi ya sehemu inayoizunguka nyumba. Kuna ua, kuna uwanja, kuna kiwanja, kuna bustani, kuna baraza. Lakini kwa kile kitu ambacho Waingereza hukipanda mbele ya nyumba, hakina jina moja lililokubaliwa na wote. Tunasema majani, tunasema nyasi, tunasema bustani ya nyasi, tunasema ukoka. Upungufu huu si aibu ya lugha. Unatueleza tu kwamba mwenye lugha hakuwa na kitu hicho. Mswahili na Mmijikenda walikuwa na uwanja uliofagiwa kwa ufagio wa chelewa kila alfajiri, hadi mchanga ukabaki na mistari ya ufagio. Uwanja huo haukuhitaji maji. Nyoka alionekana kabla hajafika mlangoni, nafaka zilianikwa hapo, ngoma zilichezwa hapo, na maiti alisaliwa hapo. Unadhifu wa uwanja ulikuwa ni unadhifu wa kazi.

Bustani ya nyasi ina historia nyingine. Ilikua katika mashamba ya mabwanyenye wa Uingereza, katika nchi yenye mvua nyepesi ya mwaka mzima, ambako kondoo na watu wenye mundu mrefu waliifupisha. Mtu aliyekuwa na eneo kubwa la nyasi lisilolimwa wala kuvunwa alikuwa akiwatangazia majirani kwamba hana haja ya kulima kila shubiri ili ale. Mwaka 1830 Edwin Budding, fundi wa Stroud katika jimbo la Gloucestershire, alivumbua mashine ya kukatia nyasi, na anasa ya bwanyenye ikaanza kushuka hadi kwa mtu wa kawaida. Marekani iliipokea kwa mikono miwili. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2005, uliotumia picha za setilaiti, ulikadiria kwamba nchi hiyo ina takriban kilomita mraba 160,000 za nyasi za namna hii. Hilo ni eneo linalozidi robo ya Kenya nzima, na si la kulisha mtu wala ng'ombe.

Kwetu sisi bustani hii ilikuja na utawala wa kikoloni. Ujenzi wa reli ulipoanza Mombasa mwaka 1896, na nyumba za maofisa zilipofuata, nyasi zilizonyolewa zikawa alama ya mahali pa mkubwa. Mtoto wa Kiafrika alijifunza mapema kwamba uwanja wa mchanga ni wa kwao, na uwanja wa majani ni wa serikali, wa misheni au wa bwana. Ndiyo sababu hadi leo shule inayotaka kuonekana bora hutangulia kuweka ubao usemao usikanyage nyasi, kabla haijaweka tangi la maji. Tumerithi ishara bila kuuliza ilikuwa ishara ya nini.

Sasa twende Jomvu Kuu. Huu ni mji mkongwe wa Waswahili upande wa bara wa Mombasa, kando ya hori ya Tudor. Wajomvu ni mojawapo ya zile Tisa Taifa, ambazo pamoja na Thelatha Taifa huunda Miji Kumi na Miwili ya Waswahili wa Mombasa. Lahaja yao, Kijomvu, iliandikwa na H. E. Lambert katika kitabu kidogo kilichotoka mwaka 1958, na kwa kweli ni lahaja hiyo iliyonipeleka huko mara ya kwanza, nikiwa na daftari na kinasa sauti. Lakini Jomvu ni jina la zamani pia katika historia ya Ukristo wa pwani. Wamishenari wa Kimethodisti, walioanza kazi yao Ribe katika miaka ya 1860 wakiongozwa na Thomas Wakefield, walikuwa na kituo Jomvu pia. Kwa hiyo katika Jomvu adhana na kengele ni majirani wa zamani, na neno lolote litakalosemwa hapo kuhusu uumbaji lina wasikilizaji wa dini mbili.

Katika mojawapo ya safari zangu, mwezi wa Februari, Kaskazi ikiwa imeshika na mvua za mwaka zikiwa bado mbali, nilipita kando ya ua wa kanisa moja la upande huo ambalo sina haja ya kulitaja. Mtunza bustani alikuwa akinywesha ukoka kwa mpira wa maji saa sita za mchana. Ng'ambo ya njia, wanawake na watoto walikuwa wamepanga mitungi yao ya manjano mbele ya kioski cha maji. Nilimsalimu kijana yule, akaniamkia kwa adabu, kisha akaniambia: "Mwalimu, wageni wa Jumapili wakikuta majani yamekauka, watasema sisi hatuijali nyumba ya Mungu."

Jibu hilo si la kipumbavu. Kijana yule anajua kwamba mahali pa ibada pastahili heshima, na anafanya kazi yake kwa uaminifu. Kosa haliko mikononi mwake. Liko katika kipimo tulichompa. Tulimwambia kwamba rangi ya kijani ndiyo ushahidi wa kumjali Mungu, naye akaamini. Basi na tukipime kipimo chenyewe kwa hesabu ambayo mwanafunzi wa darasa la saba anaiweza.

Milimita moja ya maji juu ya mita mraba moja ni lita moja. Chukua kipande cha nyasi chenye urefu wa mita 20 na upana wa mita 10, ambacho si kikubwa kwa ua wa kanisa au wa shule. Hizo ni mita mraba 200. Ili kibaki kijani wakati wa kiangazi, kipe milimita 25 za maji kwa juma. Hizo ni lita 5,000, yaani mitungi 250 ya lita 20. Tukisema kila mtu apate mtungi mmoja kwa siku kwa kunywa, kupika na kujisafisha, ambacho ni kiasi kidogo mno, basi kipande hicho kimoja kinakunywa maji ya watu 35 kwa juma zima. Wala hatujahesabu yale yanayopaa na jua la saa sita kabla hayajafika kwenye mzizi.

Na maji yenyewe yatoka wapi? Mombasa haina mto wake wa maji matamu. Hutegemea chemchemi za Mzima katika Tsavo, umbali wa zaidi ya kilomita 200, visima vya Baricho kando ya mto Sabaki, maji ya Marere kutoka Shimba Hills na visima vya Tiwi. Vyote hivyo pamoja havijawahi kutosheleza mji kwa muda mrefu sasa, na ndiyo maana mkokoteni wa maji ni sehemu ya mandhari ya mitaa yetu. Tone linalodondoka kwenye ukoka wa Jomvu limesafiri kutoka mbuga ya ndovu na viboko. Kulimwaga juu ya pambo mbele ya macho ya anayelisubiri kwa foleni ni jambo linalohitaji utetezi wa nguvu kuliko ule wa wageni wa Jumapili.

Hapa msomaji aweza kuniuliza: dini yenyewe yasemaje? Swali hilo lina historia inayotuhusu sana sisi watu wa Mombasa. Mwaka 1844 Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa, na katika mwaka huo huo akaanza kukitafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, akisaidiwa na msomi wa Kiislamu aliyekuwa kadhi wa mji. Kwa hiyo kisa cha Adamu na bustani kilianza kusemwa kwa maandishi ya Kiswahili katika kisiwa kile kile ambacho Wajomvu huvuka kwenda sokoni, na kilitoka katika mazungumzo ya Mkristo na Mwislamu. Sijui mwanzo bora zaidi wa mjadala huu.

Katika kisa hicho mna vitenzi ambavyo mwalimu wa lugha hawezi kuvipita. Sura ya kwanza yatumia vitenzi vizito: mwanadamu aitiishe nchi na kuwatawala viumbe. Mwaka 1967 mwanahistoria wa Marekani, Lynn White, aliandika katika jarida la Science kwamba mafundisho ya namna hiyo ndiyo yaliyowapa Wakristo wa Magharibi ujasiri wa kuiharibu dunia. Makala yale yalizua ubishi ambao haujaisha. Lakini sura ya pili yatumia vitenzi vingine viwili. Mtu anawekwa katika bustani ailime na kuitunza. Kitenzi cha Kiebrania kilichotafsiriwa kuwa kulima ni abad, ambacho pia ndicho kitenzi cha kutumikia, kama mtumishi amtumikiavyo bwana wake. Kile kilichotafsiriwa kuwa kutunza ni shamar, yaani kulinda, kuangalia usiku na mchana. Mtu anayekisoma Kiebrania anasikia kwamba Adamu hakupewa bustani aipambe. Alipewa aitumikie na ailinde.

Kitenzi hicho cha pili kinarudi muda si mrefu baadaye, katika sura ya nne. Kaini, akiwa ameshamwua ndugu yake, anaulizwa aliko Habili, naye anajibu kwa swali kama yeye ndiye mlinzi wa nduguye. Neno mlinzi hapo ni la mzizi ule ule wa shamar. Katika Kiswahili uhusiano huu umefichika, kwa kuwa bustani twaitunza na ndugu twamlinda, kwa vitenzi viwili tofauti. Katika lugha ya asili ni kazi moja. Hawezi mtu kudai kwamba ameitunza bustani ilhali amemwacha ndugu yake na kiu langoni pa bustani hiyo.

Kuna neno jingine la kutusaidia, nalo ni uwakili. Leo mtoto wa shule akisikia wakili anamwona mtu wa joho mahakamani. Hiyo ni maana moja tu iliyokua ikazifunika nyingine. Neno lilitoka katika Kiarabu, na maana yake ya msingi ni mtu aliyekabidhiwa jambo la mwenziwe ili alisimamie kwa niaba yake. Biblia ya Kiswahili ya mwaka 1952 inalitumia kwa maana hiyo hasa, katika mfano wa wakili dhalimu katika Luka na katika barua ya kwanza kwa Wakorintho, ambako Paulo anafundisha kwamba sifa inayotakiwa kwa wakili ni uaminifu. Kwa Mwislamu neno lililo jirani nalo ni amana, na mwanadamu huitwa khalifa katika ardhi. Tena mafundisho ya Mtume yanamkataza Mwislamu kufuja maji katika kutawadha hata kama ameketi kando ya mto unaotiririka. Tazama basi jinsi maneno haya yanavyokubaliana: wakili si mwenye mali, na khalifa si mwenye mali. Wote wawili watatoa hesabu kwa mwingine.

Na hesabu hiyo haitauliza rangi. Mwenye shamba la minazi akisafiri Unguja akamwachia mtu shamba lake, atakaporudi hatafurahishwa na kuona kwamba mbele ya banda pamefagiwa vizuri ilhali minazi imekauka na mpaka umesogezwa. Atauliza habari za minazi. Sasa tukigeuza nyuso zetu kutoka ukoka wa ua na kutazama chini, kuelekea maji, tutaiona minazi ya mfano huu. Jomvu Kuu imejaliwa hori, na hori imejaliwa mikoko.

Wavuvi wa hapo huijua mikoko kwa majina, nasi wasomi twapaswa kuona haya tukiyapoteza: mlilana ulio mbele ukielekea maji makuu, mkoko wenyewe wenye mizizi kama magongo, muia, mkandaa ambao gome lake lilitumika kutilia rangi ngozi, mkomafi, na mchu uvumiliao chumvi hata karibu na nchi kavu. Aina tisa za miti hii hupatikana katika pwani ya Kenya. Katikati ya mizizi yake kamba na samaki wachanga hujificha hadi wakue. Matope yake huhifadhi kaboni nyingi ambayo ingepaa hewani na kuzidisha joto la dunia. Mizizi huvunja nguvu ya mawimbi na kuuzuia udongo unaoshuka na mvua kutoka vilima vya Rabai na Ribe. Maboriti yake yamejenga nyumba za miji ya Waswahili na kusafirishwa kwa majahazi hadi Uarabuni kwa karne nyingi, mpaka Kenya ilipopiga marufuku biashara hiyo ya nje mwaka 1982.

Hori ya Tudor imeumizwa kwa njia nyingi. Miti hukatwa kwa kuni na makaa, na hilo ni tatizo la umaskini ambalo halitatuliwi kwa kumkemea mkataji. Maji taka ya mitaa huteremkia humo. Udongo wa mashamba yaliyo wazi huteremkia humo pia, na tumeona madhara yake kwingineko: mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998 zilishusha tope jingi katika hori ya Mwache, upande wa Port Reitz, hata mikoko mingi ikafa kwa kuzibwa mizizi yake ya kupumulia. Hapa ndipo ukoka na mkoko wanapokutana kweli. Mbolea inayozidi na dawa ya kuua magugu tunayonyunyizia ua wetu haikai uani. Mvua ya kwanza ya mwaka huichukua, ikaishusha mtaroni, na mtaro unajua njia moja tu, ile ya horini.

Lakini kuna mifano ya kututia moyo. Huko Gazi, katika kaunti ya Kwale, wanakijiji wameendesha tangu mwaka 2013 mradi uitwao Mikoko Pamoja, unaolinda hekta 117 za mikoko na kuuza haki ya kaboni iliyohifadhiwa humo. Fedha zake zimetumika kwa mambo ya kijiji, yakiwamo maji na mahitaji ya shule. Na kabla ya mradi wowote wa kisasa, Mijikenda walikuwa na kaya zao, misitu iliyolindwa na wazee kwa miiko, ambamo mti haukatwi ovyo. Baadhi ya kaya hizo, Kaya Ribe ikiwamo, ziliingizwa mwaka 2008 katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Wamishenari wa kwanza walipofika Ribe walikuta uwakili wa namna hii ukifanya kazi, ingawa wengi wao waliuona kuwa ushirikina tu.

Si mbali na Jomvu Kuu kuna jina jingine ambalo kila mwalimu wa eneo hili analijua, nalo ni Owino Uhuru. Hapo kiwanda cha kuyeyushia betri kuukuu kilimwaga sumu ya risasi katika hewa, maji na udongo wa kijiji, hadi kilipofungwa mwaka 2014. Watoto waliugua kwa udongo waliouchezea. Phyllis Omido, mama aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho na ambaye mtoto wake mwenyewe alipata sumu hiyo, aliwaongoza wakazi kudai haki, akatunukiwa Tuzo ya Goldman ya mazingira mwaka 2015. Mwaka 2020 mahakama ya mazingira na ardhi mjini Mombasa iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3. Mahakama ya Rufani ikaubatilisha uamuzi huo mwaka 2023, na Mahakama ya Juu ikaurejesha mwezi wa Disemba 2024. Nauliza kwa unyenyekevu: katika miaka hiyo yote, ni mahubiri mangapi kuhusu Owino Uhuru yaliyosikika katika makanisa yenye nyasi nzuri? Hapo udongo na ndugu vilikuwa vikiangamia pamoja, na kitenzi cha Kiebrania kilikuwa kikituita kwa mlio mmoja kuhusu vyote viwili.

Yamkini sasa kuna msomaji anayedhani ninataka ukoka ung'olewe. La hasha. Nyasi huzuia vumbi katika viwanja vya shule, hupunguza joto la ardhi, hushika udongo wa mteremko usiende horini, na mtoto akianguka haumii sana. Uzuri nao ni haja ya binadamu, wala sioni kwa nini maskini wa Jomvu wanyimwe mahali pa kijani pa kukaa Jumapili alasiri. Tena kuna mtu anayeishi kwa kazi hiyo, na mshahara wake si jambo la kuchezewa. Hoja yangu ni kwamba ukoka upewe cheo chake halisi, nacho ni cheo cha mtumishi.

Cheo hicho kina masharti yanayotendeka. Kwanza, ukoka wa pwani haufi kwa Kaskazi. Hugeuka rangi ya hudhurungi, ukalala, kisha mvua za mwaka zikaurudishia uhai kutoka kwenye vifundo vilivyo ardhini. Kanisa linaloacha nyasi zake zilale Februari halijamtusi Mungu, limefuata majira aliyoyaweka. Pili, panapohitajika nyasi mpya, zichaguliwe zile za kwetu. Zipo nyasi pana ambazo wauza miche huziita za Pemba, zinazoota zenyewe katika fuo za Bahari ya Hindi, zinazostahimili chumvi na kivuli. Hizo zafaa kuliko zile za Kikuyu zilizozoea baridi ya nyanda za juu. Tatu, zisikatwe hadi udongo uonekane. Ondoa theluthi moja tu ya urefu, na vipande uviache hapo hapo vioze viwe mbolea, nawe hutahitaji kununua ya mfuko. Magugu yang'olewe kwa mkono, na sumu ibaki dukani.

Nne, yatumike maji ya paa. Mombasa hupata mvua ya takriban milimita 1,000 kwa mwaka. Paa la kanisa lenye mita mraba 200 hupokea kwa hesabu hiyo lita 200,000, yaani mitungi 10,000. Hata tukipoteza nusu njiani, inabaki mitungi 5,000 ambayo leo hutiririka mtaroni ikibeba udongo wetu. Tangi likiwekwa, yatangulie kunywa watoto, na kitakachobaki ndicho cha miche. Tano, eneo la nyasi lipunguzwe, papandwe mkwaju, mwembe na mwarobaini, kwa maana kivuli cha mti mmoja huwafaa waumini kuliko nusu ekari ya nyasi wasiyoruhusiwa kuikanyaga.

Na mtunza bustani yule? Apewe kazi kubwa zaidi, si ndogo. Saa anazozitumia kufuata mpira wa maji, azitumie kuotesha miche ya mikoko. Mbegu ya mkoko huota ingali juu ya mti mama, ikaning'inia kama kijiti kirefu cha kijani hadi iwe tayari kudondoka topeni. Watoto wa shule huifurahia sana wakiiona. Lakini kila mti una mahali pake, na mlilana uliopandwa pa mchu hufa. Kwa hiyo waalikwe wavuvi na wazee wa Jomvu Kuu wawe walimu wa siku hiyo, kwa majina yao ya miti na kwa Kijomvu chao.

Ndugu walimu, Katiba yetu ya mwaka 2010, katika kifungu cha 69, imemwekea kila mtu wajibu wa kushirikiana katika kuhifadhi mazingira. Wajibu huo hauwezi kufundishwa kwa ubao wa usikanyage nyasi. Wapeni wanafunzi wenu kazi hii muhula ujao: wapime nyasi za shule kwa kamba, wahesabu mitungi ya maji zinazokunywa kwa juma, kisha wateremke horini wakahesabu miche ya mikoko katika eneo la ukubwa ule ule. Waandike hesabu hizo mbili kwenye ukurasa mmoja, kwa Kiswahili safi, na wazisome mbele ya wazazi, mchungaji na imamu. Watakaokuwapo hapo wataelewa neno uwakili bila kuhitaji kamusi.